Kwa Ndeti

Ramani hii niliichora mimi.
Ruaraka, ghorofa ya chini, dirisha moja,
mwaka ule mafuriko yalipokula madaraja.
Nibu nyembamba, wino mweusi usiosamehe,
na kipande cha wembe cha kukwangulia makosa.
Miaka thelathini na miwili nikaipa nchi majina
bila kukanyaga hata pamoja.

Sasa nimestaafu, na mpwa wangu Kisia ana gari bovu
na Jumapili isiyo na kazi.
Tumeipita Ruai. Tumeiacha lami mpya
kule inakokwenda na haraka zake,
tukashika ile ya zamani, upana wa mkeka,
nyasi zimeota katikati kama mstari wa nywele.
Kisia anauliza, Senge, hii ni barabara au ni kumbukumbu?
Namwambia, endesha.

Kilomita mbili baada ya daraja lisilo na mto
nikakiona kibao cha serikali, kipya, kijani:
KWA NDETO.
Herufi zilezile nilizoziandika.
Moyo ukanijaa, sikatai. Nilishuka kama mwenye mji.

Mji wenyewe, milango kumi na minne.
Niliihesabu mara mbili kwa mazoea ya kazi.
Pampu ya mafuta imesimama kwenye shilingi kumi na saba
na senti arobaini: nani alikuwa wa mwisho,
na alikuwa anakwenda wapi na mafuta machache hivyo?
Buchani, mchwa wamejenga kichuguu chini ya kulabu.
Mzani wa kupimia malori umezama,
ndani yake maji ya mvua, ndani ya maji vyura
wasiojua uzito wa kitu chochote.
Ukuta wa hoteli umeandikwa KUKOPA HARUSI,
basi. Ule uliobeba matanga umekwisha anguka.

Ng'ambo ya kilima malori yanavuma usiku na mchana.
Hayakuhama mbali. Kilomita tatu tu.
Kumbe mji hufa kwa umbali mdogo hivyo.

Nyuma ya duka la mwisho, juu ya mlango, kwenye saruji
iliyochorwa kwa kidole ikiwa mbichi:
NDETI NA WANAWE, 1961.

Nikasoma tena. Nikavua miwani, nikaifuta kwa leso, nikasoma.
Kijana mmoja alikuwa hapo na mbuzi sita,
jina lake Mumo, ana jino moja la mbele lililovunjika.
Nikamuuliza, Hapa si Kwa Ndeto?
Akacheka hadi mbuzi wakageuka.
Ndeto ni maneno tu, nyanya.
Ndeti alikuwa mtu.

Mimi ni wa Vihiga. Kikamba sikukijua.
Karani wa uwandani aliandika kwa penseli, mvua ikailowesha,
na mimi nikaifunga ile i ikawa duara
kwa sababu ilikuwa saa kumi na nusu
na nilitaka kwenda nyumbani.
Hivyo tu. Hakukuwa na hila.
Wakachapa wao, wakanakili wengine, serikali ikapaka rangi ya kijani,
na mtu mzima, mwenye duka na wanawe,
akageuka maneno.

Nilikuwa na ramani mkobani, na wembe,
sijui kwa nini ninautembeza hadi leo.
Nikapiga magoti penye kivuli cha pampu,
nikakwangua o taratibu, kama tulivyofundishwa,
hadi karatasi ikabaki na kidonda cheupe.
Ndipo nikakumbuka: wino sina.

Kisia akapekua gari zima. Hana hata penseli.
Mumo akaingia hotelini, akatoka na kipande cha mkaa
kutoka jiko ambalo halijawashwa tangu kabla hajazaliwa.

Mkono wangu unatetemeka siku hizi.
Ni i mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika,
nene, imeegemea upande,
na nukta yake imefunika kisima kizima.