Kistari

Septemba, kabla theluji mpya haijafunika hesabu,
tunapanda Ak-Bel na farasi wawili:
mmoja kabeba kekee ya mvuke, wa pili kuni na unga,
na mimi Begaiym, binti wa mshona kofia,
nimebeba daftari ambalo si langu.

Kazi yenyewe haina makuu.
Unatoboa barafu mita nane kwenda chini,
unachomeka kigingi, unaondoka.
Mwakani unarudi kupima kilivyochomoza.
Ni kama kumpima mtoto kwa chaki mlangoni,
ila huyu mtoto kila mwaka
alama yake inashuka.

Kigingi cha tatu: sentimita mia na arobaini.
Cha nne: mia na hamsini na mbili.
Cha tano kimelala chali
kama mlevi aliyekaribia kufika nyumbani.

Juu kabisa tunachimba shimo,
tunaikata theluji kwa bomba la bati,
tunaining'iniza kwenye mizani ya ndoano,
ile ile wanayopimia mkia wa kondoo sokoni.
Iliyoingia, toa iliyotoka.
Mizania, kama ya duka.
Na duka hili limeuza kuliko lilivyonunua
tangu kabla sijazaliwa;
wateja wake, wakulima wa pamba kule bondeni,
hawajui kwamba wanakunywa mtaji,
si faida.

Usiku, kibandani, nafungua daftari.
Ukurasa wa kwanza: wino wa zambarau, mwaka 1957,
tarakimu zimesimama wima, zimekaguliwa.
Ukurasa wa thelathini na nane: 1994,
penseli, mkono wenye haraka.
Kisha weupe. Miaka kumi na sita ya weupe
ambao si theluji.
Nchi moja ilikwisha, nyingine ikazaliwa bila mishahara;
helikopta ikawachukua wapimaji na jiko lao,
akabaki mlinzi.

Mlinzi ndiye huyu, Sabyrkul.
Ndani ya jina lake mna subira,
ile iliyosafiri na misafara hadi huku kwenye baridi.
Anavunja jibini kavu kwa meno yaliyosalia,
ananimiminia chai nusu kikombe
(huku mgeni akijaziwa, anaagwa).

Namuuliza: miaka ile, barafu ilipungua kiasi gani?

"Vigingi nilivichoma."

Vyote?

"Vya mbao. Vya alumini niliuza.
Baridi ya tisini na tano, mke wangu ana homa ya mapafu,
makaa hayapandi tena huku.
Cha kwanza nilikichoma nikilia.
Cha pili nilichemshia supu, sikulia.
Kuanzia cha tatu zilikuwa kuni."

Upepo unasukuma mlango, mlango unakataa.

"Andika," anasema.

Niandike nini?

"Chochote. Ila usiandike sifuri."

Kweli. Sifuri ni kipimo:
mtu alipanda, alitazama, alikuta hakuna badiliko.
Kistari ni kitu kingine.
Kistari ni kukiri.
Nachora kumi na sita, kimoja baada ya kingine,
vifupi, vimelala,
kama vipande vya kuni.

Na mkeo, alipona?

"Alipona. Hizo glavu ulizovua pale, nani kazifuma?"

Nazitazama glavu.
Sufi ya kijivu, kidole gumba kimeshonwa mara mbili.
Hakuna safu yake daftarini.

Asubuhi tunashuka hadi ulimi wa barafu.
Jiwe tulilolipaka rangi nyekundu mwaka jana,
lililokuwa likiigusa,
limebaki peke yake kwenye kokoto, kavu,
na buibui keshahamia.
Sabyrkul anashika ncha moja ya utepe kwenye jiwe,
mimi naenda na nyingine, nazama matopeni hadi magotini.

"Vuta," anapaza sauti. "Usiulegeze. Usiwe na huruma."

Mita ishirini na tatu
na nusu.

Naandika na ile nusu.