Rangi ya Buluu

Kila Jumatatu, kabla ya chai,
nalifuata bomba mlimani hadi kwenye chujio
la Kijito cha Ozeroff, magharibi ya Kanada.
Naondoa majani, vijiti, maganda,
mara moja chura,
mara moja jino la kulungu mchanga.
Najaza chupa, nainyanyua kwenye mwanga.
Ndani yake kuna supu ya kabichi
ya kaya arobaini na tatu.

Kazi nilirithi kwa Fenya Kalmakoff.
Aliniachia brashi ya waya, buti zisizonitosha,
na daftari: miaka thelathini na mmoja
ya neno moja la Kirusi,
safi, safi, safi,
kisha, Mei ile walipofyeka mteremko wa juu,
chai ya maziwa.
Hakuandika zaidi. Ukurasa unaofuata una doa.

Msitu si wetu. Ni wa serikali,
maana yake, alisema Bwana Brandvold, ni wa wote,
akatandaza ramani juu ya meza ya ukumbi
yenye makombo ya keki ya mazishi ya jana.
Cha wote, nikamjibu,
kina wakataji wengi na mfagiaji mmoja.
Watu wakacheka. Yeye akaandika.

Miaka sita tulisimama barabarani na mabango.
Nilijua nilichokitetea:
theluji iliyolala kivulini mwa mierezi
hutoka kwa kijiko, kama dawa ya mtoto,
ikatufikia hadi Agosti.
Theluji ya uwanda huja yote Mei,
na mlima mgongoni.
Hata msumeno mmoja, tulisema.
Hata mmoja.

Kisha ukaja mwaka wa moshi.
Bonde la ng'ambo, ambako hakuna aliyegusa mti
tangu babu zao wazime kila moto,
misonobari myembamba ilikuwa imebanana
kama njiti ndani ya kasha.
Siku tisa iliwaka.
Mvua ya kwanza ikalishusha jivu lote mtoni,
jeusi, zito, lenye harufu ya sufuria iliyoungua.
Tuliwapelekea maji kwa lori.
Anselm Torvik alishika chupa kwa mikono miwili,
hakuifungua.
Ninyi mna nini, akauliza, ambacho sisi hatukuwa nacho?
Bahati, nikasema.
Nilirudi nikiendesha polepole,
nikitazama mlima wangu, nikiziona njiti.

Oktoba Brandvold akaja bila ramani.
Alileta makopo mawili ya rangi ya buluu.
Nionyeshe chujio, alisema,
nami nitakuonyesha miti.
Akapiga magoti kwenye maji ya barafu,
akasugua waya mpaka vidole vikawa vyekundu.
Hapo ndipo tulipoanza kubishana vizuri.
Hatua sitini toka kijitoni, hakuna alama. Nikataka mia.
Tukaishia tisini na dubu aliyetukatiza hesabu.
Hakuna barabara mpya.
Magogo yavutwe na farasi, juu ya theluji ngumu.
Mierezi mizee ibaki.
Vijukuu vinavyoinyonga chini, vyembamba, vikavu,
hivyo viende.

Mkono uliobeba bango miaka sita
ukapaka shina la kwanza.
Msonobari mwembamba kama paja langu.
Nilitafuta neno la kuuambia, sikupata.
Nikapaka wa pili.

Kulikuwa na jirani aliyeacha kunisalimia.
Bado.

Leo ni Aprili, farasi wameshaondoka.
Mwanga unaingia pale usipoingia zamani,
na sijui kama ninaupenda.
Nimenyanyua chupa.
Ndani kuna kipande cha ganda,
kidogo kama ukucha, chenye buluu upande mmoja.
Nimekitoa kwa kidole,
nikafungua daftari, nikaandika safi.
Halafu, kwa kuwa atakayelisoma
huenda akawa na buti zisizomtosha,
nikaongeza:
karibu.