Dakika Mbili za Safari

Chumba kiko ghorofani, Barabara ya Tisa.
Feni inakata hewa vipande vipande na haigawi.
Msimamizi ana tai ya bluu na shingo yenye jasho,
namtambua kwa anavyoburuta irabu: huyu ni wa Kondoa,
na mimi ni wa Idifu, vumbi letu ni ndugu,
lakini leo hatujuani ila kwa Kiingereza.

Ananisogezea kadi.
Elezea safari unayoikumbuka.
Ulikwenda wapi, na nani, uliona nini,
na kwa nini ulifurahi.
Dakika moja ya kufikiri, mbili za kusema.
Penseli imetafunwa na waliotangulia.

Wenzangu kule nje wamekariri Zanzibar.
Ndahani, muuguzi wa wodi yetu, hajawahi kuvuka Gairo,
ila hoteli anayo tayari, na bwawa, na pweza wa kukaanga.
Mimi nilikuja na Serengeti: aya tatu, twiga wawili.
Rekoda ikawasha taa nyekundu
na twiga wangu wakakimbia.

Ikabaki baiskeli.
Keria, gunia lililokunjwa kuwa mto,
baba juu yake, mtoto wa jicho kamtanda kama ukoko wa uji,
mimi nyuma nasukuma, darasa la sita,
Idifu hadi Mvumi, kwa madaktari wa macho.

Nikaanza. Kitenzi cha kwenda, kwa lugha yao,
kikishapita hubadili hata sura,
ukikutana nacho njiani hukisalimii.
Kilinipotea. Nikasema tunakwenda, tunakwenda,
na kweli tukawa tunakwenda,
mchanga wa korongo umemeza gurudumu nusu,
na baba kila baada ya hatua kumi:
"Tumefika wapi? Kukoje?"

Nikamweleza. Mbuzi wa kina Chibago wako barabarani.
Mama Yudithi kaezeka bati, upande mmoja.
Kuna mtu anachimba maji, anaonekana kofia tu.
"Na uwele?" akauliza. "Uwele ukoje?"

Uwele ulikuwa umekomea magotini,
majani yamejikunja kama karatasi iliyokaribia moto.

"Kijani, baba," nikasema. "Kijani mpaka kule mlimani."
Akashusha pumzi, mgongo ukalegea.
Nikasukuma.

Siku ya nne tulirudi. Jicho la kulia limefunguliwa,
zamu hii anasukuma yeye, niko kwenye keria mimi,
na kila kitu anakitaja kwa sauti ya mnadani:
mwiba! kunguru! kandambili ya mtu!
Mpaka tulipofika penye uwele.
Akasimama. Baiskeli akaiegemeza kiunoni.
Alitazama kwa muda wa mtu anayehesabu watoto wake.
Kisha akasema, bila kunigeukia,
"Siku nne tu, mwanangu.
Jua la mwaka huu lina haraka."

Haya ndiyo niliyotaka kuyasema.
Yaliyotoka yalikuwa mafupi, yenye matundu.
Uwele sikujua wanauitaje. Nikasema mahindi.
Ukavu nilikuwa nao ulimini kabisa,
nikaufuata, ukateleza,
na rangi iliyokuwa karibu ikajileta yenyewe.
Kijani, nikasema.
Nikajisikia nikidanganya tena, shamba lile lile,
mbele ya mtu mwingine aliyetegemea mdomo wangu.

Kwa nini ulifurahi, sikufika huko.
Taa ikazimika.

Msimamizi akaandika namba,
nikaisoma kichwa chini miguu juu, sikuambulia kitu.
Akafunga kalamu. Akautazama mlango.
Kisha, kwa Kiswahili, taratibu,
kama mtu anayevua viatu:
"Samahani, dada. Idifu ile ninayoijua mimi,
mahindi yanakubali?"

"Yalikubali," nikamwambia.
"Siku nne tu."

Nje, kwenye benchi, macho kayafumba,
Ndahani alikuwa bado anaogelea.