Nafsi ya Kwanza

Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa, Adelaide,
katika chumba chenye zulia la kijivu na sahani ya biskuti:
usiseme "anasema alipigwa."
Sema "nilipigwa."
Mkalimani hana yeye. Mkalimani ni mdomo.

Basi Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi,
ndani ya gari, kwenye maegesho ya duka la mbao,
simu sikioni, daftari juu ya usukani,
nimevunjwa kidole cha pete.
Nimefungiwa bafuni na mtoto wa miezi minane.
Nimeambiwa viza yangu imo mfukoni mwake,
akitaka ataichana, nirudi Ghazni peke yangu,
mtoto abaki.

Jina sikupewa. Nimepewa nambari.
Najua yuko Shepparton kwa sababu ya peasi:
mikono yake inanuka peasi,
samahani, mikono yangu,
zamu ya usiku, kiwandani, na mshahara unaingia
kwenye akaunti nisiyowahi kuiona.

Upande wa pili ni Noelene,
sauti kavu kama mkate wa jana, ila hana haraka.
Kuna mtu anayeweza kukusikia?
Mama mkwe. Yuko nje, anamwagilia gandana.
Mpira wa maji ukinyamaza, nitakata.

Tukazungumza, watatu, juu ya mgongo wa maji yale.

Noelene akasema: kukaa kwako hapa hakumo mfukoni mwa mtu.
Yuko mwanasheria. Hutozwi.
Akasema pia: nyumba salama.
Neno hilo kwetu lina uvundo,
lilitemewa mate Kabul nzima, nami nalijua.
Nikasema: nyumba ambayo ufunguo wake utakuwa nao wewe.
Hapo nilivunja kanuni. Kidogo.

Akanyamaza. Kisha:
na wewe, dada, mwenye sauti,
ungekuwa mimi ungefanyaje?

Nikalitafsiri swali langu neno kwa neno
kama mtu anayepokeza barua ya jirani
huku akiona jina lake juu ya bahasha.
Kidole changu cha pete kimenyooka.
Ubavu ndio uliounga vibaya.

Noelene akasema, mweleze mkalimani hawezi kujibu.

"Siwezi kujibu," nikamwambia,
na asubuhi ile yote
hiyo ndiyo "mimi" pekee iliyokuwa yangu.

Nadhani aliisikia. Maana alisema upesi:
Alhamisi. Zamu ikiisha. Mlango wa nyuma, wa malori.
Gari rangi gani?
Nyeupe, akasema Noelene. Nyeupe, nikasema.
Nyeup—

Maji yakanyamaza.

Fomu: Lugha, Kihazaragi. Muda, dakika ishirini na sita.
Maoni ya mkalimani: nafasi ya mistari miwili.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
lakini kata haijazi fomu.

Alhamisi alfajiri nilikuwa macho,
nimekaa jikoni, taa sikuwasha.
Hakuna atakayenipigia kuniambia.