Robota la London

Bi Somoe Nampunju hajui Kiingereza,
ila magazeti ya Uingereza anayajua kwa kidole gumba.
Hili la picha kubwa linachuja wino,
korosho zinatoka na kope za binti wa mtu.
Hili la herufi ndogo linanyonya mafuta vizuri,
linamfaa abiria wa Newala, safari ya vumbi.
Lile la rangi ya waridi, anasema, ni la matajiri:
gumu kukunja, na limejaa namba tupu.

Yanakuja kwa robota kutoka Dar,
makavu, hayajaguswa, yaliyokosa mnunuzi kwao,
na mimi, karani wa mizani hapa Mkanaledi,
nikisubiri malori nayasoma kabla hayajawa pembe za korosho.

Nimesoma mengi.
Nimesoma uongo wa ukurasa wa kwanza, mkubwa kama bango la sinema,
na ukurasa wa ishirini na sita, chini, jirani na chakula cha mbwa,
radhi yake, ndogo kama sisimizi aliyepotea njia.
Nimesoma watu waliovuka maji wakiitwa mafuriko.
Mafuriko tunayajua huku. Yana matope, yana mbuzi waliovimba.
Hayabebi mtoto mgongoni.

Lakini ninayemtafuta ni Doreen Hathersby.

Gazeti lake ni la mji mdogo, kurasa kumi na sita,
mji wenye mto, daraja bovu na diwani mbishi.
Doreen alikaa kikaoni mpaka taa zizimwe,
akaandika nani alinyoosha mkono, nani alisinzia,
fungu la daraja lilihamishiwa wapi.
Aliandika paka aliyepotea, na jina la paka.
Aliandika waliokufa, na mikate waliyopenda kuoka.

Robota halina mpangilio. Mwaka huu unalalia mwaka ule.
Mwezi wa Machi nikakutana na toleo la mwisho:
ofisi inafungwa; wenye mali wako mbali, wana magazeti mia,
habari za mji zitaandikwa kutoka mji mwingine.
Doreen aliwashukuru wasomaji kwa mistari minne.
Daraja halikutajwa.

Nikakaa nalo. Lori la Tandahimba likapiga honi mara mbili.

Wiki iliyofuata, robota jipya, chini kabisa,
Doreen yuleyule, miaka saba nyuma,
anambana diwani kuhusu nguzo ya tatu,
amekasirika, hajui.
Nilitaka kumwambia: uliza haraka.

Huku kwetu waandishi huja tukiunguza kitu.
Jumanne niliingia kikao cha madiwani,
mara ya kwanza maishani mwangu.
Kwenye kiti cha waandishi alikaa dereva wa mkurugenzi
anachaji simu.

"Karatasi imepanda," Bi Somoe ananiambia.
"Robota limekuwa jembamba kama mgonjwa,
na mifuko ya plastiki wametukataza.
Kwani Waingereza wameacha kusoma?"

Nikamwambia wanasoma kwenye simu.

Akakunja pembe nyingine, akaikaza ncha kwa ukucha,
akaangalia basi la Masasi likirudi nyuma taratibu,
utingo akilipigapiga ubavu.
"Simu," akasema, "haifungi korosho."

Akanipimia za elfu moja, akaongeza tatu za juu.
Nilizila nimesimama, mpaka zikabaki chumvi na maganda,
kisha nikalikunjua lile gazeti juu ya meza ya mizani.
Sikumwona Doreen. Farasi, hali ya hewa, nyumba inauzwa.
Pembeni palikuwa peupe, mafuta hayajafika.
Nikachukua kalamu ya kuandikia kilo:
*Jumanne. Waliohudhuria, kumi na tisa.
Aliyesinzia, mmoja. Jina lake*