Hesabu ya Buick ya Bi Aasen

Kulungu alitokea upande wa alizeti zilizokauka,
saa kumi na mbili kasoro, umande umeganda barabarani.
Hakupiga hodi.
Boneti ilikunjika kama bahasha iliyofunguliwa kwa pupa,
rejeta ikamwaga kijani chake chote changaraweni,
mifuko ya hewa ikavimba, ikanywea, basi.
Kulungu alikufa. Bi Solveig Aasen, miaka sabini na minne,
alitoka na mchubuko wa mkanda begani
na hasira.

Mimi ndiye niliyetumwa na bima.
Kazi yangu ni kulitazama gari na kusema limekufa kiasi gani.
Gereji imeandika: kulitengeneza, dola 5,120.
Gari lenyewe halifiki hapo.
Tiba ikimzidi mgonjwa bei, hatusemi mgonjwa tena.
Tunasema mabaki.

"Lakini injini inawaka."
Akaingia, akaiwasha. Kweli, iliwaka.
Fomu haina kisanduku cha hilo;
nikaandika pembeni, kwa penseli.

Jikoni kwake nikamweleza:
hatuulizi ulilinunua kwa ngapi,
wala jingine utalipata kwa ngapi.
Tunauliza, dakika moja kabla ya kulungu,
mtu asiyekujua angekupa ngapi?
"Dakika moja kabla ya kulungu," akasema,
"nilikuwa siuzi."

Nikatandaza picha tatu mezani, kando ya kahawa.
Buick tatu za mwaka 2004, rika moja na lake,
zinazojitembeza kwenye yadi za watu:
Bismarck, 4,650.
Fargo, 4,300.
Minot, 2,750.
Jumlisha, gawa kwa tatu: 3,900.
Toa 210, maana limetembea maili nyingi kuliko wenzake.
Akavaa miwani.
Akaivuta ile picha ya Minot hadi puani.

"Hili nalijua."
Bi Aasen, ni gari la kawaida tu, yako mengi.
"Tazama kioo cha nyuma. Stika ya kwaya yetu.
Hili ni la Orville Lund. Mafuriko yalipokuja
lilikaa siku mbili chini ya maji, hadi paa.
Orville alilikausha kwa feni ya kuku
akaliuza kwa mtu wa mbali."
Akairudisha picha, kifudifudi.
"Langu limegongwa. Hilo limezama.
Usinipangie bei na waliozama."

Miaka kumi na tisa katika kazi hii,
nimelaaniwa, nimeliliwa, nimefunguliwa mbwa;
sijawahi kuonyeshwa kosa kwa stika ya kwaya.
Nikapiga simu ofisini. Nikasubiri muziki uishe.
Tukaliondoa la Minot, tukaweka la Jamestown, 4,550.
Jumlisha, gawa: 4,500.

Kisha akaleta kopo la biskuti, limejaa risiti.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na yeye hakupoteza hata ya balbu.
Matairi manne, mwezi wa nane: ongeza 160.
Rangi ya mlango: sifuri.
Kuoshwa kila Jumamosi tangu mumewe alipokuwa hai:
sifuri, nikasema, na nikaomba radhi,
japo fomu haina mahali pa radhi pia.
4,450. Toa mia tano anazojibebea mwenyewe.
3,950.

"Na nikilibakiza?"
Tutakata 640, bei ya mzoga yadini.
"Kumbe limekufa kwangu, kwenu bado lina nyama."
Sikujibu. Alikuwa amesema sawa.

Alitia saini polepole, herufi zote za jina.
Kisha akatoka na bisibisi uani, kwenye baridi,
akang'oa redio,
akaing'oa mbele yangu, bila haraka,
akanitazama kama anayesema: haya, kata.

Nikafunga kalamu.
Kwenye fomu, penye neno *redio*,
nilikuwa tayari nimeandika: *haikuwepo*.