Ukurasa wa Mia na Arobaini na Mbili

Jina lake Neasa. Sisi tulilisikia Nyasa,
kama lile ziwa, naye hakukataa.
Alipanga chumba cha uani kwetu, Barabara ya Kumi na Tano,
miezi saba, kodi akilipa kwa noti zilizonyooka
kana kwamba kazipiga pasi.

Umri ishirini na sita. Riwaya moja nyuma yake:
nakala mia tatu, alisema, na nusu kanunua baba yake.
Gazeti la kwao Ayalandi lilimtuma aandike habari za mkonge,
bei ya tani, mashamba yaliyolala, viganja vilivyochanika.
Walimlipa kwa neno. Nikamwambia,
"Kwa Kiswahili ungekufa njaa, shoga.
'Hawakutulipa': habari nzima, neno moja."
Akacheka hadi chai ikamwagikia daftari.

Jumamosi nilimpakia kwenye karia ya baiskeli mpaka Pongwe,
nikamfasiria wakataji, na mengine nikayaacha hukohuko.

Mchana habari, usiku uongo. Ndivyo alivyogawa siku.
Mara moja nikamuuliza, riwaya kwenu mnaiitaje?
Akanipa neno la Kiingereza.
Nikasema, hapana, la kwenu.
Akasugua wino kidoleni.
Lugha ile aliisoma shule, akafaulu, akaisahau;
zimebaki sala mbili, na tusi la bibi yake.
Akanifundisha lile tusi.

Kitabu cha pili kilifika Mfungo Sita, kona moja imelowa.
Nilikisoma na kamusi pajani, wiki tatu.
Nimo.
Kaniita Amina. Kanichechemeza. Mume wangu kamzamisha,
kanikalisha dirishani nalia, naitazama bahari,
na ukurasa wa mia na arobaini na mbili
kaniua kwa homa.

Nilikaa na maiti yangu jioni nzima.
Kisha nikachukua kalamu nyekundu, ile ya madaftari ya darasa la tano.

*Dirisha lile linatazama choo cha kina Mbelwa.
Bahari haionekani. Harufu yake husikika, tena siku ya jua kali.
Homa nilipata, kweli. Wewe ulinikanda usiku kucha
kwa kanga yako ya pekee, habari ya gazeti ikachelewa,
wakakukata malipo.
Hilo mbona hukuliandika?*

Nikampa sabini kwa mia.
Pembeni nikaandika lile tusi, tahajia nikabahatisha.

Chumba bado kitupu. Kodi imepanda.